Kinyoosha Mstari

Jumanne, tarehe 4 Februari

Kipilipili wangu,

Simu imefika salama. Dereva wa basi aliyeileta alikataa hata maji ya kunywa, kwa hiyo ukimwona mshukuru.

Barua hii siiandiki, naisema. Mama yako amegundua kuna alama ya kipaza sauti pale pembeni, ukiigusa unaongea tu na simu inaandika yenyewe kama karani wa mahakamani. Sasa nimekaa zangu kibarazani, nimekunja nne, natoa amri. Mchora mabango mzima nimekuwa bosi wa kuandikiwa.

Programu ulizoniwekea nimezifungua zote. Ile ya kupamba picha bado inanichezea: nilijipiga, nikatoka na masikio ya sungura, mama yako akacheka mpaka akakaa chini. Lakini ile ya kuchorea, mwanangu, hiyo umenimaliza. Miaka yote nimebeba makopo ya rangi, kumbe rangi zote za dunia zinaenea kwenye kitu cha kutia mfukoni, na jioni hakuna cha kuosha kwa mafuta ya taa. Na kile kishale cha kurudi nyuma! Unakosea, unakigusa, kosa limekwenda. Nimekiita kishale cha toba.

Habari za ukuta wa saluni yako nimezisikia. Nitakuja kuuandika. Ila kwa sasa kazi zimenibana kidogo, na mvua nazo, rangi haikauki vizuri. Nini? Sijamwambia. Nitamwambia mwenyewe nikitaka. Mama Kipilipili, acha bwana, hii kitu inaandika. Imeandika. Futa. Futa basi. Inaandika na futa.

Haya. Marahaba kabla hujanisalimu.

Baba yako,
Mzee wa Brashi


Jumapili, tarehe 9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua umeshaitika, lakini adabu ni adabu.

Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa saluni na wanawake wamenicheka mpaka machozi. Lakini mimi pale mwisho sikucheka sana. Ni nini hicho Mama anataka uniambie? Msinifiche. Kama Mama anaumwa, semeni. Kama paka amekufa, pia semeni, nilimpenda.

Ukuta wa mbele nimeupaka rangi nyeupe kama ulivyoniagiza, nikausugua kwa msasa, nikaupaka tena. Unang'aa. Tatizo ni kwamba mtaa mzima unadhani nimefungua zahanati. Juzi kaingia mzee mmoja, shavu limevimba, akaketi kwenye kiti cha kuoshea nywele, akalaza shingo kwenye beseni, akafungua mdomo. Nikamwambia hapa tunasuka, baba. Akasema basi nimtazame tu. Fundi viatu wa mlango wa pili ananiita "sista" tangu siku ile, na kila akipiga chafya anakuja kuniuliza anywe nini.

Nahitaji jina juu ya mlango, Baba, na nalitaka kwa mkono wako. Uliniahidi nikiwa bado mdogo, nakushikia ngazi: siku nitakapokuwa na mlango wangu, utauandika wewe. Sasa mlango ninao. Nimepanga kufungua rasmi Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu, na sifungui bila wewe. Jina nimeshachagua, ni hilo hilo unaloniitia. Tiketi nitamkabidhi dereva yule yule. Kitanda cha kukunja nimeshakitandika nyuma ya pazia, karibu na mashine ya kukaushia nywele. Kina joto zuri.

Msalimie Mama, na umwambie aongee kwa nguvu zaidi ili simu imnase.

Mwanao akupendaye,
Kipilipili


Jumamosi, tarehe 15 Februari

Kipilipili wangu,

Marahaba. Paka ni mzima, amenenepa, hatembei tena bali anajiviringisha. Mama yako naye mzima. Alichotaka nikwambie ni kwamba bati la jikoni linavuja. Basi, hakuna zaidi.

Hapa mtaani nimegeuka fundi wa picha. Mwenye bucha alitaka picha ya kutundika dukani, lakini tumbo lipunguzwe. Programu ile ya kupamba ina kidude cha kubana kiuno. Nikabana, nikabana, akawa kijana mbichi, akaondoka anatembea kwa maringo. Kesho yake kaja mkewe na picha mkononi, anataka kujua kwa nini fremu ya mlango nyuma ya mumewe imepinda kama ndizi, na lile paja la ng'ombe limekonda kuliko wanavyolipima kwenye mizani. Kumbe ukibana tumbo la mtu unabana na vyote vilivyo jirani naye. Tumekubaliana tumbo lirudi.

Fundi cherehani yeye nilimfutia nguo zilizoanikwa nyuma yake, nikasahau vivuli. Sasa ukutani kwake kuna kivuli cha suruali isiyo na mwenyewe, na anasema wateja wanaikodolea macho. Na kuna binti alitaka nimfanye mweupe. Hilo nilikataa. Nilimwambia nimechanganya rangi maisha yangu yote na hiyo yake sijawahi kuipata kwenye kopo, siwezi kuiharibu kwa makusudi. Alinuna, halafu akarudi kuomba nimpige nyingine vile alivyo.

Sasa la ukuta. Nimefikiri sana. Kwa nini nisafiri na makopo safari yote hiyo? Bango lako nimelichora hapa hapa kwenye simu, nalituma pamoja na barua hii. Tazama herufi zilivyokaa. Programu ina kitu mimi nakiita kinyoosha mstari: unapitisha kidole, yenyewe inakunyooshea. Lipeleke kwa watu wa kuchapisha, walibandike. Siku hizi ndivyo kila mtu anavyofanya. Huhitaji mzee wa kupanda ngazi na kudondoshea wateja rangi vichwani.

Mama yako anakusalimu. Nimemwambia asogee mbali na simu.

Baba yako,
Mzee wa Brashi


Ijumaa, tarehe 21 Februari

Baba,

Shikamoo.

Bango nimeliona. Ni zuri. Herufi zimenyooka kweli. Nimelikuza kwenye kioo cha simu mpaka mwisho nikitafuta sahihi yako kwenye kona ya chini kulia. Hakuna.

Baba, wewe umetia sahihi mlango wa choo cha stendi. Umetia sahihi mkokoteni wa muuza maji, na kile kibao cha "Mbwa Mkali" cha nyumba ambayo haikuwa na mbwa. Mama alikuwa anakutania kwamba siku moja utatia sahihi ubao wa kukatia nyama. Hujawahi kuacha kazi yako iondoke bila jina. Hii yangu ndiyo ya kwanza.

Nimekaa nayo siku kadhaa kabla ya kukuandikia, maana sikutaka kuandika kwa hasira. Nakumbuka siku niliyokwambia nataka kusuka, sitaki kuchora. Ulisema sawa, ukaenda nje ukaosha brashi zako muda mrefu kuliko kawaida. Nikadhani yameisha. Kama hayajaisha, niambie tu, Baba. Ukinifokea nitavumilia, nimeshazoea. Kinachoniuma ni kutumiwa kitu kizuri namna hii ambacho wewe mwenyewe hutaki kijulikane kuwa ni chako.

Ufunguzi nimeuahirisha. Sijapanga tarehe nyingine.

Mwanao


Jumatatu, tarehe 24 Februari

Mwanangu,

Naona safari hii umejiita "Mwanao" tu, kavu kavu. Nimeelewa. Nimepigwa na nimesikia maumivu.

Sikiliza. Sina kinyongo na wewe, sijawahi kuwa nacho. Siku ile niliosha brashi muda mrefu kwa sababu nilikuwa nawaza nani sasa atanishikia ngazi, na nani atanisimulia habari za shule nikiwa juu. Nilihuzunika, ndiyo. Lakini kuhuzunika si kukasirika, na tangu uniletee picha ya yule bibi harusi uliyemsuka, ninayo kwenye pochi, nawaonyesha watu hata wasioniuliza. Dereva wa basi ameshaiona zaidi ya mara moja, maskini.

Sahihi nilisahau. Mtu husahau. Nimelirudia bango lote upya, bora kuliko la kwanza, na kilemba cha rangi ya machungwa juu ya herufi ya mwanzo. Nalituma sasa. Sijui kwa nini limekuwa zito namna hii, simu inahangaika nalo tangu chai ya asubuhi, kimduara kinazunguka tu.

Tafadhali lichapishe, ufungue duka. Usiwanyime watu nywele kwa sababu ya mzee msahaulifu.

Baba yako akupendaye,
Mzee wa Brashi


Jumanne, tarehe 25 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, Baba. Shikamoo tena.

Hukunitumia picha. Umenitumia video. Programu ile hurekodi kila mguso tangu unapoanza kuchora, na pale pa kutuma kuna vitufe viwili vinavyofanana, kimoja cha picha, kingine cha video ya kazi nzima. Umegusa cha pili. Ndiyo maana ilikuwa nzito. Nimeitazama nikiwa nimesimama, mteja wangu kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama.

Nimeuona mguu wa herufi ya kwanza unashuka, unatetemeka, unafutika. Unashuka tena. Unafutika. Halafu nikaona unaongeza nguvu ya kinyoosha mstari mpaka mwisho, na herufi zote zikateleza zikakaa, safi, jina langu lote. Nikadhani imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ukashuka kwenye kona.

Baba, ulitia sahihi. Kinyoosha mstari kikainyoosha, ikatoka kama ya karani fulani wa benki, ukaifuta. Ukakizima, ukaandika mwenyewe, ikatetemeka, ukaifuta. Ukakiwasha. Ukakizima. Ilikwenda hivyo mpaka nikatamani kukushika mkono kupitia kioo. Na mwisho kabisa, pale pale, kwa herufi ndogo, uliandika "si mimi". Nayo ukaifuta. Likabaki bango zuri lisilo na mtu, kama lile la kwanza.

Hilo ndilo Mama alitaka uniambie. Si bati.

Tangu lini? Umemwona daktari? Kikombe unashikaje, na vifungo vya shati? Na mimi huku nilikukalia kooni na sahihi, nikajinunia mwenyewe wiki nzima. Nisamehe, Baba.

Lakini bado nakuomba uje. Watu wa kuchapisha wapo mtaa huu huu, karibu na fundi viatu, na herufi zilizonyooka wanazo za kila aina. Ningetaka kunyooka ningekwenda kwao siku ya kwanza. Nilikuomba wewe. Kama mkono unatetemeka, uache utetemeke. Ukuta ni mpana.

Kipilipili wako


Jumapili, tarehe 9 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Ni mama yako, naandika kwa kidole changu mwenyewe, kwa hiyo sitarefusha. Baba yako hajui naandika. Akijua pia sijali.

Simu ameizima na kuiweka juu ya kabati, ndani ya kopo la biskuti. Anasema imemchongea. Watu wakija na picha zao anawaambia mtambo umeharibika.

Daktari nilimpeleka mimi, kwa kumvuta. Amesema ni ugonjwa wa kutetemeka tu, hauui. Dawa anazo. Zinapunguza, haziponyi. Kikombe anashika kwa mikono miwili na vifungo namfunga mimi, ananiambia nimepata kisingizio cha kumkumbatia.

Kilichomvunja si ugonjwa. Mwishoni mwa mwaka alichora ukuta wa shule. Alipokwenda kula akarudi, akakuta wanapaka rangi juu ya herufi zake. Hakuna aliyemwambia neno. Walimsalimia vizuri tu, wakaendelea kupaka. Alikunja ngazi akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hajafungua kopo.

Barua yako nimemsomea kwa sauti. Alijifanya amelala. Lakini mtu aliyelala haombi arudiwe kusomewa pale pa "ukuta ni mpana".

Usimwandikie tena kwanza. Mwache aive.

Mama yako


Jumapili, tarehe 16 Machi

Kipilipili,

Hii nimeiandika kwa kalamu. Mama yako ameipiga picha na kukutumia. Nimemkataza asiipambe. Soma polepole, imenichukua asubuhi nzima.

Kwanza, usiombe msamaha. Ulikuwa na haki ya kununa. Ningekuwa wewe ningenuna mpaka Krismasi.

Pili, nikwambie kweli. Siogopi ngazi. Siogopi kuchekwa, nimechekwa sana, nilioa nikiwa na suruali ya kuazima. Naogopa jambo moja. Mtu anayekuja kusukwa hajaiona mikono yako bado. Anachoona kwanza ni ukuta. Akikuta herufi zinayumba atasema, na huyu msusi mikono yake itakuwa hivyo hivyo, atanisokota kichwa. Atapita zake. Umehangaika mno kupata mlango huo, mwanangu. Sitaki mimi ndiye niufunge. Ndiyo maana nilikutumia kilichonyooka, na ndiyo maana sikutaka jina langu pale. Sikukuficha kwa kukosa upendo.

Nimefikiri tangu barua yako ifike. Mama yako anasema nimekuwa mpole mpaka anaogopa. Na nimeona kwamba kama sitakuja, mlango wako nitakuwa nimeufunga pia, kwa njia nyingine.

Nakuja Alhamisi na brashi zangu. Nishikie ngazi kwa mikono yote miwili. Usinisifu kabla sijamaliza. Na ukiona haifai, ipake rangi juu nikiwa nimesimama pale pale, unaniangalia machoni. Usingoje niende kula.

Baba yako,
Mzee wa Brashi

(Hiyo sahihi ndiyo ilivyo sasa. Izoee.)


Jumatatu, tarehe 14 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama ameniambia umefika salama, na kwamba unamsimulia kila mtu ukuta wangu ulikuwa na mawimbi. Sawa, Baba. Ukuta ulikuwa na mawimbi.

Tangu uondoke hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeingia. Fundi viatu ameacha kuniita sista. Anakuulizia, anasema hajawahi kumwona mtu akichora herufi huku anaimba na kumgombeza bintiye kwa wakati mmoja. Nami nikwambie ukweli kama ulivyoniambia wewe: wapo waliocheka. Muuza vipuri wa ng'ambo ya barabara aliuliza kama mchoraji alikuwa juu ya pikipiki. Na wapo wanaosimama, wanatazama, wanapita. Sijui wangapi, siwezi kujua. Lakini wanaokaa kwenye kiti nawasuka, wanajitazama kwenye kioo, wanaondoka wanatabasamu, halafu wanarudi na dada zao. Mikono yangu wanaihukumu kwa vichwa vyao. Kwa hiyo lala usingizi, hukuufunga mlango wa mtu.

Sasa nikusimulie la Jumamosi. Alikuja msichana mmoja, mchangamfu, simu haitoki mkononi. Kabla ya kukaa alisimama nje akajipiga picha na ukuta nyuma yake. Nikaanza kumsuka, yeye anaihangaikia ile picha, anapunguza mwanga, anaongeza rangi, vidole vinakimbia. Ana kipaji, ungempenda. Mara akaniinulia simu juu ya bega. "Dada, tazama, nimekutengenezea bango lako."

Kweli, alikuwa amelitengeneza. Herufi zote zimenyooka kama mistari ya daftari. Kilemba cha machungwa kimekaa sawasawa. Na pale kwenye kona ukuta ulikuwa mweupe, mtupu. Alidhani ni mkwaruzo, akaufuta.

Nikaziacha nywele katikati. Nikamwambia, "Rudisha."

"Dada, lakini si imependeza?"

"Imependeza. Lakini huyo uliyemfuta ni baba yangu."

Akarudisha, hatua moja moja, nami nimeinama begani kwake natazama. Kilemba kikainama. Herufi zikaanza kutetemeka, moja baada ya nyingine. Halafu pale kwenye kona, Baba, ukatokea.

Kipilipili wako